Naomba ushauri: miche ya hoho chini ya taa za tyubu chumbani inarefuka, inapauka na kuanguka (Uyole, Mbeya)

Binti wa Uyole:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu wa rika langu.

Ninaishi Uyole katika nyumba ya kupanga, na chumba kidogo nilichokuwa nikikitumia kama stoo nimekigeuza kitalu. Nina robo ekari huko Igurusi, Mbarali, ambako kuna joto kuliko huku kwetu na nina kisima kifupi, na nia yangu ni kupanda pilipili hoho mwezi wa 8. Mwaka jana nilisia mbegu nje, nyuma ya nyumba, katikati ya mwezi wa 6. Baridi ya usiku ilizuia nyingi zisiote, na zile chache zilizoota zikaliwa na kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga, hadi zikaisha, nami nikapoteza pakiti nzima ya mbegu chotara niliyoinunua kwa fedha ya kudunduliza. Ndiyo maana mwaka huu nimeamua kuotesha ndani, kwa taa.

Nimefunga tyubu mbili za floresenti za futi 4, za wati 36 kila moja, kwenye dari. Trei ziko sakafuni juu ya mbao, kwa hiyo kutoka kwenye taa hadi kwenye miche ni kama mita 2. Taa zinawaka usiku na mchana bila kuzimwa, kwa sababu nilidhani mwanga mwingi zaidi ni chakula kingi zaidi. Namwagilia asubuhi na jioni. Hoho zilichukua siku 19 kuota, na sasa zina shina refu jembamba kama uzi, majani mawili tu yaliyopauka, na kila asubuhi nakuta kadhaa zimelala chini, shina likiwa limenywea pale linapogusana na udongo. Nyanya chache nilizoweka pembeni majani yake yanageuka manjano. Kipimajoto alfajiri kinasoma nyuzi 13.

Je, niongeze taa, nibadilishe aina ya taa, au tatizo liko pengine kabisa? Naombeni mnisaidie, maana mbegu nilizobakiza zinatosha kusia mara moja tu.

Bwana Shamba Mstaafu (Tukuyu):

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yanatosha kuonyesha kwamba una matatizo matatu yaliyokutana katika chumba kimoja, wala si moja.

La kwanza ni umbali. Macho yetu yanatudanganya sana kuhusu mwanga, kwa sababu yanajirekebisha. Chumba kinachotutosha kusomea gazeti kina luksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500, ilhali uwanja wenye jua la mchana unaweza kufikia luksi 100,000. Mche uliokaa mita 2 chini ya tyubu mbili, kwa kipimo chake wenyewe, uko gizani, na mmea ulioko gizani hutumia akiba yake yote kurefusha shina ili uutafute mwanga. Tyubu ya floresenti haina joto kali kama balbu zile za zamani, na hapo ndipo penye faida yake, kwa maana unaweza kuishusha hadi sentimita 5 juu ya majani bila kuyaunguza. Weka mgongo wa mkono wako usawa wa majani kwa dakika moja; ukihisi joto la kukusumbua, inua taa kidogo. Kadiri miche inavyokua, taa nayo ipande, daima ikiwa kati ya sentimita 5 na 10. Kumbuka pia kwamba ncha mbili za tyubu hutoa mwanga hafifu kuliko katikati, kwa hiyo zungusha trei kila baada ya siku mbili au tatu.

La pili ni saa. Mimea mingi ya mboga inahitaji giza, na nyanya hasa haivumilii mwanga wa saa 24 mfululizo. Majani yake hugeuka manjano na kudhoofika, jambo ambalo umelishuhudia mwenyewe. Washa saa 12 asubuhi, zima saa 3 au saa 4 usiku. Hizo ni saa 15 hadi 16, nazo zinatosha.

La tatu ni kinyausi, nalo linatokana na maji na baridi. Vimelea vyake hupenda udongo mbichi uliopoa, na mche uliokwisha kunywea shingoni hauponi kwa dawa yoyote. Ung'oe pamoja na udongo unaouzunguka, uutupe mbali.

Miche uliyonayo usihangaike kuiokoa. Shina la hoho lililorefuka halifupiki tena, na hoho haioti mizizi kwenye shina kwa wepesi kama nyanya unayoweza kuizika hadi shingoni ukaokoa kitu. Nyanya zizike. Hoho anza upya.

Fundi Umeme wa Mwanjelwa:

Dada, kabla hujanunua chochote, soma maandishi yaliyo kwenye ncha ya tyubu zako. Ukikuta 865, hiyo ni nyeupe ya mchana, yaani kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), na ndiyo ifaayo miche kwa sababu ina bluu nyingi inayofanya shina liwe fupi na nene. Ukikuta 830, hiyo ina wekundu wa sebuleni; haidhuru, lakini peke yake miche itarefuka zaidi. Tazama pia kama ncha zimekuwa nyeusi. Tyubu iliyochoka huendelea kuwaka huku mwanga wake ukiwa umepungua, nawe hutajua kwa macho.

Kuhusu kuzishusha, usizining'inize kwa nyaya za umeme. Tumia minyororo midogo na kulabu, ili uweze kupandisha tundu moja moja. Choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) na viunganishi vikae juu ya taa, kamwe visikae chini ya trei ambako maji yatadondokea, na umwagiliaji wako ufanyike taa zikiwa zimezimwa. Tyubu ikivunjika, fungua dirisha na mlango, toka nje kwa muda, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, usifagie, kwa kuwa ndani yake kuna zebaki kidogo.

Sasa matumizi. Tyubu ya wati 36 yenye choki ya sumaku hula karibu wati 45. Mbili ni wati 90, na kwa saa 15 hiyo ni uniti 1 na theluthi kwa siku, au uniti 40 na ushei kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia uniti zako. Siku hizi tyubu za LED zinakula karibu nusu ya hapo, ila usizichomeke tu kwenye fremu ya zamani yenye choki bila fundi kuitazama, kwani baadhi zinataka nyaya zibadilishwe.

Mnyalu wa Ilula:

Kamwene. Nisamehewe nikisema tofauti na walionitangulia. Huku Ilula tunalima nyanya kwa wingi, na miche yote tunaikuza juani. Mwezi wa 6 na wa 7 nyanda zetu zina jua kali la bure mchana kutwa. Shida ni usiku tu. Funika kitalu kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ukiitandaza juu ya fito zilizopindwa, kisha jioni ongeza majani makavu juu yake. Unakwenda kulipia uniti za kitu gani?

Na hesabu ya shamba lako inanitia mashaka. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,000. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, inataka miche zaidi ya 3,700. Tyubu mbili za futi 4 zinafunika trei mbili zilizopangwa kwa urefu, basi. Kwa trei za matundu 200 hiyo ni miche 400. Hiyo iliyobaki 3,300 utaiweka wapi?

Binti wa Uyole:

Kamwene, kaka. Nashukuru kwa ukweli wako. Natoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 1 usiku, hivyo hakuna mtu wa kufungua nailoni jua likipanda wala wa kuifunga jioni, na kuku wa jirani walinimalizia kitalu cha kabichi mbele ya macho yangu. Hesabu yako, hata hivyo, imenistua, kwa sababu sikuwa nimeipiga. Nilikuwa nikipima taa kwa ukubwa wa chumba, badala ya kupima kwa idadi ya miche.

Mama Miche (Iringa):

Mwanangu, kaka yako wa Ilula yuko sahihi kuhusu hesabu, na wewe uko sahihi kuhusu kuku. Mimi huuza miche, na taa ninazo, ila ninazitumia kwa wiki za mwanzo tu, wakati mche ni mdogo na nafasi inayohitajika ni ndogo. Nakushauri mwaka huu upande sehemu tu ya shamba kwa miche 400, kwa uangalifu, kuliko kubanana na miche 3,700 dhaifu.

Nataka nikae zaidi kwenye joto, kwa maana wengi huku nyanda za juu tunalisahau. Siku zako 19 zilisababishwa na udongo baridi, kwani mbegu ya hoho iliyofunikwa haihitaji taa ili iote. Inataka udongo wenye nyuzi 25 hadi 30, na hapo huota ndani ya siku 8 hadi 10 au kukaribia. Wakati huo weka trei ndani ya boksi kubwa la mbao au kasha la friji bovu, chini yake uweke madumu mawili ya lita 5 yaliyojazwa maji ya moto na kufungwa kwa kitambaa, juu yake nailoni. Badilisha maji jioni na alfajiri. Chungulia kila siku, na ukiona shingo ya kwanza inachomoza, siku hiyo hiyo, si kesho yake, toa trei uiweke chini ya taa. Siku moja ya giza baada ya kuota inatosha kuharibu shina.

Nakusihi sana, usiingize jiko la mkaa katika chumba hicho ukafunga mlango ili kukipasha joto. Hewa yake haina harufu, na inaua watu waliolala chumba cha pili. Mtu akikwambia kwamba yeye hufanya hivyo kila mwaka, usimsikilize.

Udongo wako uchemshe kwa mvuke katika pipa, au tumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), na trei za zamani uzioshe kwa maji yenye jiki. Mwagilia kwa kutumbukiza trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, zinyonye kutoka chini, kisha zichuje. Fanya hivyo asubuhi, na pale tu trei inapokuwa nyepesi mkononi. Kila jioni pitisha kiganja juu ya miche taratibu, mara 10 au 20, kana kwamba ni upepo, miche ikiwa mikavu. Mche unaotikiswa hunenepesha shina.

Kijana wa Vwawa:

Nami nina swali linalofanana. Nilipotafuta mtandaoni habari za kuotesha kwa tyubu, maelezo mengi yanasema saa 18 za mwanga, halafu saa 12 ili mmea uchanue. Je, hoho nazo zifanyiwe hivyo?

Bwana Shamba Mstaafu (Tukuyu):

Hapana, mwanangu. Maelezo hayo yameandikwa na wakuzaji wa bangi katika nchi zinazoiruhusu. Bangi nyingi huchanua usiku unapokuwa mrefu, ndiyo sababu wanapunguza saa. Kwetu zao hilo limekatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, liwe shina moja chumbani au shamba zima mlimani, na sishauri mtu kuligusa. Nyanya na hoho hazisubiri urefu wa usiku ili zichanue, kwa hiyo ratiba ile haina kazi kwenu. Mchukue kutoka humo umbali wa taa tu.

Na wewe binti wa Uyole, kwa kuwa taa zako zilikuwa zikiwaka usiku kucha katika chumba kilichofungwa, mkaribishe mwenye nyumba na balozi waje waione miche yako. Ni heshima, na utalala vizuri.

Binti wa Uyole (baada ya wiki 4):

Shikamooni tena. Niliwaleta wote wawili, na mwenye nyumba akaomba miche 20. Tyubu zangu zilikuwa 840. Nimenunua mbili za 865 na fundi amezining'iniza kwa minyororo, sasa ziko sentimita 7 juu ya majani, zikizimwa saa 3 usiku. Kwa madumu ya maji ya moto, mbegu za kwanza zilichomoza siku ya 9. Leo nimehesabu miche 341 iliyosimama kati ya matundu 400; mingi ina majani manne ya kweli, yaani yanayofuata yale mawili ya mwanzo, na shina haliyumbi nikipuliza. Kinyausi kimechukua 11 upande mmoja wa trei, pale nilipomwagilia kwa kopo siku niliyochelewa kuamka.

Jumamosi ni siku yangu ya mapumziko, na nataka kuanza kuitoa nje. Nianze kwa muda gani?

Mama Miche (Iringa):

Hongera, mwanangu. Ianze saa 3 asubuhi, kivulini, kwa saa moja tu, pasipo na upepo. Jumapili iwe kwa muda wa saa mbili. Siku za kazi ibaki chini ya taa kama kawaida, na wiki inayofuata iguswe na jua la asubuhi, si la saa 7. Ikiisha kuvumilia nusu siku ya jua bila majani kupauka, ndipo uipeleke Igurusi, na uipande jioni.