Protini ya TDP-43: je, ugonjwa wa niuroni za mwendo na dimenshia ya ubongo wa mbele ni kitu kimoja?

Muulizaji
Ndugu wataalamu, salaam. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ugonjwa wa niuroni za mwendo, yaani seli za neva zinazoendesha misuli, hudhoofisha mwili bila kuigusa akili, ilhali baadhi ya wagonjwa hubadilika tabia na kushindwa kupanga mambo, kama ilivyo katika dimenshia ya ubongo wa mbele. Je, hadubini huonyesha nini kinachoziunganisha hali hizo mbili?

Mchangiaji wa kwanza
Huonyesha protini ya TDP-43 iliyohama mahali pake. Kwa kawaida hukaa ndani ya kiini cha seli, ambamo husaidia kuhariri RNA, yaani nakala ya ujumbe wa jeni. Katika ugonjwa, kiini hubaki bila protini hiyo, nayo hujikusanya nje yake kuwa mabonge na nyuzinyuzi. Mabonge yenyewe yalikuwa yakionekana tangu zamani, lakini utambulisho wake ulijulikana mwaka 2006. Yapo kwa takriban wagonjwa wote wa niuroni za mwendo, na kwa karibu nusu ya wale wenye dimenshia hiyo, ambao sehemu za mbele na za pembeni za ubongo wao zimenyauka. Kwa maoni yangu huu ni ugonjwa mmoja, na dalili hutegemea ni seli zipi zilizoathirika.

Mchangiaji wa pili
Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila tusiwasahau wenye mabadiliko ya jeni ya SOD1, ambao kwa kawaida hawana mabonge ya TDP-43 na ni nadra kupata dimenshia. Kinyume chao ni jeni ya C9orf72, iliyotambuliwa mwaka 2011, ambayo yaweza kuleta hali zote mbili katika ukoo mmoja. Tofauti hii ina uzito katika tiba: dawa ya tofersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huwalenga wa SOD1 pekee.

Muulizaji
Nashukuru sana. Basi kinachoua seli ni mabonge, au ni pengo lililobaki kwenye kiini?

Mchangiaji wa kwanza
Huenda ni yote mawili, ingawa mimi naliogopa zaidi pengo. TDP-43 ikikosekana, vipande vya RNA vilivyopaswa kuondolewa huachwa ndani ya ujumbe wa jeni kama STMN2, na niuroni hukosa protini inayohitaji ili kuotesha upya mkia wake mrefu ulioumia. Kwa hiyo, anayechunguza uti wa mgongo asihesabu mabonge tu. Atazame pia viini vilivyoipoteza protini hiyo.