Tupeane uzoefu: rivyu za TV zilikusaidia au zilikuingiza chaka?

Mkazi_wa_Tabata: Wakuu habari za jioni. Leo jirani yangu kaleta TV nchi 55 kutoka Kariakoo, kashinda YouTube akiangalia rivyu mpaka kaichagua, tumeiwasha Netflix haifunguki, menyu inakwama kwama, na boksini imeandikwa Android na 4K kwa maandishi makubwa. Imeniuma maana ni hela ya kikoba ile. Waliowahi kununua kwa kufuata rivyu mseme ilikuwaje, mimi mwenyewe natafuta ya nchi 43 mwisho wa mwezi.

Fundi_Keko: Hiyo siyo Android TV wala Google TV, hiyo ni Android ya bure ya kwenye simu imepachikwa humo, Google na Netflix wenyewe hawajaipitisha, ndiyo maana Netflix inagoma. Na 4K ya boksini mara nyingi maana yake inasoma faili la 4K tu, kioo chenyewe unakuta ni 1366 kwa 768. Kioo cha 4K ni 3840 kwa 2160, mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye karatasi ya vipimo, akianza kuzunguka toka.

Binti_Usagara: Naunga mkono. Yalimkuta shemeji yangu.

Mzee_wa_Banda: Mtoa mada umenitonesha kidonda. Mimi nina kibanda umiza huku Mbagala. CHAN ilipochezwa hapa kwetu Agosti 2025 nikaona Stars wanafanya vizuri, watu watajaa, nikauza TV ya zamani nikaongezea nikachukua nchi 65. Rivyu nilisoma zote, nyota tano tano, jamaa anasema weusi wake ni weusi kweli, kontrasti haina mfano. Ikaja robo fainali na Morocco tarehe 22, banda limefurika hadi madirishani, mabenchi yamebanwa ukutani pande zote, mpira umeanza tu wa pembeni wanapiga kelele huku hatuoni, nikadhani fujo za kawaida, nikaenda kukaa pale wenyewe walipo, wallahi picha yote ilikuwa imepauka kama imemwagiwa tui, jezi huzitofautishi. Wa katikati wanaona safi wanawaambia wenzao nyamazeni, wa pembeni wanataka kusogea katikati, benchi likavunjika, watu wakaanza kusukumana. Mara umeme ukacheza, uliporudi TV ikawaka nusu, kulia giza tupu. Hapo ndo ikawa vurugu, wanadai hela zao, mwingine anavuta waya, mwanangu kaikumbatia ile TV isiangushwe huku analia. Nilirudisha viingilio vyote na Stars tukafungwa moja bila. Kwenda dukani wananiambia umeme hauko kwenye waranti.

Binti_Usagara: Mungu wangu. Mtoto hakuumia?

Mzee_wa_Banda: Hakuumia dada, alhamdulillah. Alichubuka kiwiko tu.

Kichwa_Ngumu: Na aliyevuta waya ulimfanyaje?

Mzee_wa_Banda: Ni mtoto wa jirani, baba yake alikuja kuomba radhi, tukayamaliza.

Fundi_Keko: Pole sana mzee. Hicho ni kioo cha VA. Ukikaa mbele yake weusi unakaa vizuri, ukienda pembeni rangi zinakimbia. Kwa banda au sebule yenye watu wengi ulizia kioo cha IPS, weusi wake ni wa kijivu kidogo lakini wa pembeni nao wanaona. Yule wa rivyu hakudanganya, kakaa peke yake, kochi moja, chumba cha giza, umeme hauchezi. Sasa hayo ndiyo maisha ya Mbagala?

Kichwa_Ngumu: Acha kuwatetea bwana, hao wanalipwa. Na TV zenyewe zinadanganya. Mwaka 2022 zilikamatwa za Samsung zinatambua kile kiboksi cheupe cha kupimia cha asilimia 10 ya kioo, zikikiona zinajipanga vipimo vitoke vizuri, ukibadilisha ukubwa wa kiboksi kidogo tu majibu yanakuwa mengine. Kampuni ikaahidi apdeti.

Fundi_Keko: Na nani aliwakamata? HDTVTest na FlatpanelsHD, warivyu haohao unaowatukana.

Kichwa_Ngumu: Wawili kati ya wangapi?

Mtoto_wa_Tanga: Samsung muiache, ya nyumbani kwetu inaingia mwaka wa saba haijafunguliwa bisibisi.

Dr_Rimoti: Mkuu wa Tanga ya kwako sawa, ila cha kutazama ni namba ya modeli. Samsung za Marekani zinaanza na UN au QN, za Ulaya UE au QE, huku kwetu UA au QA. Hisense U7 nayo ya Marekani na ya Ulaya zina jina moja mashine tofauti. Kwa hiyo unasoma rivyu ya TV ambayo Kariakoo haipo kabisa. Mimi naamini RTINGS, tovuti ya kupima TV, kwa kuwa wananunua wenyewe madukani, hawapewi na kampuni. Wale waliwasha TV 100 kwa zaidi ya miaka miwili waone zinavyokufa, na zile nyembamba zenye taa za ndani zilizopangwa pembeni mwa kioo zilisumbua sana kwa joto.

Fundi_Keko: Hilo kweli, hapa kwangu kesi nyingi ni taa za ndani zimeungua. Punguzeni mwanga wa taa, msiache ile mipangilio ya picha ya "dynamic" ya dukani.

Mtoto_wa_Tanga: Ukipunguza mwanga mchana utaona nini sasa? Nunua stabilaiza nzuri uwashe unavyotaka.

Mama_Junior: Mimi nasema chukua TV ya kawaida yenye kioo kizuri, uweke boksi la Google TV pembeni, likichoka unabadilisha boksi.

Binti_Usagara: Rimoti mbili mama, watoto wanapoteza hata hiyo moja.

Kichwa_Ngumu: La muhimu usiandamane na winga, wale madalali wa Kariakoo.

Winga_Aggrey: Mimi ni winga, tusitukanane. Mteja akija na flashi yake yenye mpira namtafutia duka linalokubali kuwasha, tunakaa mbele na pembeni, risiti ya EFD, kadi ya waranti inapigwa muhuri na namba ya nyuma ya TV inaandikwa palepale. Wa mitaani wanatuharibia.

Mkazi_wa_Tabata: Hiyo ya flashi nimeichukua. Nauliza, nikitaka kuangalia chaneli za bure kwa antena bila king'amuzi inawezekana?

Fundi_Keko: Angalia iwe na DVB-T2, mfumo wa ndani wa kunasa antena ya dijitali, siyo DVB-T peke yake, utapata zile zisizofungwa. Azam ya dishi lazima king'amuzi chake. Mzee wa banda, ile TV unayo bado? Kama kioo hakijapasuka taa zinabadilishwa.

Mzee_wa_Banda: Ipo ndani. Unachukua shilingi ngapi kwa nchi 65?

Fundi_Keko: Ilete kwanza niifungue, mistari miwili mitatu ya taa huenda ikawa mizima.