Bunge la Minnesota lilifanya butura (kuuza mavuno kabla hayajaiva) kwa fidia ya wagonjwa wa sigara

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku, sijalala, na sitalala mpaka nimalize kuandika hili.

Mimi ni mzaliwa wa Muleba, Kagera. Nina miaka 14 hapa Minnesota, Marekani, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, kaskazini mwa Minneapolis. Kwenye korido yangu wapo watano wanaoishi na mpira wa oksijeni puani usiku na mchana. Sigara imewamaliza mapafu. Mmoja, fundi wa reli wa zamani, kutoka kitandani hadi chooni ni hatua sita tu, na lazima asimame katikati avute pumzi. Juzi usiku namfunika blanketi akaniuliza, "Zile pesa walizotozwa watu wa sigara, zilienda wapi?" Sikuwa na jibu. Usiku uliofuata mapumziko yangu yote nikayamalizia kusoma, na nilichokisoma kimenitia hasira ambayo sijui niipeleke wapi, ndiyo maana naileta hapa.

Kwa wasiojua, mwaka 1994 Mwanasheria Mkuu wa jimbo hili, Hubert Humphrey III, akishirikiana na bima ya afya ya Blue Cross, aliyashtaki makampuni ya sigara. Hoja ilikuwa rahisi: ninyi mnauza, mnatajirika, watu wanaugua, na gharama ya kuwatibu inabebwa na jimbo. Kesi ikasikilizwa St. Paul mwaka 1998. Mamilioni ya kurasa yaliyokuwa yamefichwa kwenye makabati ya makampuni yakaanikwa hadharani. Mei 8, kabla kesi haijafika kwenye uamuzi, makampuni yakasalimu amri na kukubali kulipa dola bilioni 6.1 kwa miaka 25. Novemba mwaka huohuo majimbo mengine 46 yakafikia makubaliano yao ya pamoja, dola bilioni 206 kwa miaka 25.

Huu ulikuwa ushindi wa haki kabisa. Ila mkataba ule wa majimbo 46 haukuyabana majimbo fedha itumikeje. Kila bunge likaachiwa lijiamulie, na hapo ndipo mlango ulipobaki wazi.

Minnesota ilianza vizuri. Mwaka 1999 sehemu ya fedha iliwekwa kwenye mfuko wa akiba, faida yake ikawa inagharamia kampeni ya kuwazuia vijana wasianze kuvuta. Kampeni iliitwa Target Market, na vijana wenyewe ndio walioiendesha. Haikumaliza hata miaka minne. Mwaka 2003 bajeti ikawa na shimo la zaidi ya dola bilioni 4, Gavana Tim Pawlenty na Bunge wakauchota ule mfuko wakafukia shimo, na kampeni ikafa. Watafiti walipima miezi sita baadaye: vijana walioonekana wepesi kushawishika kuvuta walikuwa wamepanda kutoka asilimia 43 hadi karibu 53. Miezi sita tu! Vijana wale leo wako kwenye miaka ya thelathini, na sisi wa kada hii tunajua watatufikia lini.

Kisha ikaja 2011. Waliokuwepo hapa wanaukumbuka ule Julai: serikali ya jimbo ilifungwa siku 20, watumishi kama elfu 20 wakarudishwa nyumbani, hifadhi zikafungwa katikati ya sikukuu. Nakisi ilikuwa dola bilioni 5. Gavana Mark Dayton alitaka wanaoingiza zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka waongezewe kodi. Wa chama cha Republican waliokuwa wameshika Bunge wakakataa katakata. Mwisho wakapatana kwa mambo mawili: kuchelewesha zaidi fedha za shule, na kuuza hatifungani, yaani hati za mkopo, ambazo dhamana yake ni malipo ya sigara ya miaka ijayo. Ndivyo walivyopata zaidi ya dola milioni 600 za kuziba bajeti.

Naomba mlisome hilo taratibu. Watu wanaoingiza milioni kwa mwaka hawakuguswa. Walioguswa ni watoto wa shule, pamoja na wagonjwa na hao ambao hawajaugua bado.

Wale wa kwetu Kagera hawahitaji maelezo marefu, kwa sababu tunaijua butura. Kahawa bado ni maua, mtu ana shida ya ada au msiba, anakuja mnunuzi na hela kidogo mkononi, mti unahesabika wake. Msimu ukifika wewe unachuma, yeye anabeba. Babu yangu alifanya butura mara moja, mwaka wa ugonjwa wa bibi, na ilichukua misimu mitatu familia kujinasua. Lakini babu alikuwa na mgonjwa ndani, na kahawa ilikuwa yake. Hawa waliuza maua ya shamba la watu wengine, na wala si kwa ajili ya kumtibu mgonjwa.

Na Minnesota si ya kwanza wala si mbaya kuliko zote. Majirani zetu wa Wisconsin waliuza mwaka 2002, wakapata zaidi ya dola bilioni 1, zikaishia kwenye matundu ya bajeti. Ohio mwaka 2007 iliuza hatifungani za dola bilioni 5.5 kwa mpigo. Baadhi ya majimbo yaliingia kwenye aina ya hatifungani ambayo hulipi chochote kwa miaka mingi, riba inazaa riba, na deni lote linakuja kudaiwa baada ya miongo. Waandishi wa ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi, walipiga hesabu mwaka 2014: kwa mikopo ya namna hiyo ya kama dola bilioni 3, majimbo na serikali za mitaa waliahidi kurudisha bilioni 64. Kule nyumbani mikopo inayomkamua mama muuza ndizi tunaiita kausha damu, na tunaipigia kelele. Hii waliisaini watu wenye wanasheria na washauri wa fedha pembeni.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya niweke simu chini nitoke nje kupumua. Malipo ya sigara yanapungua kadiri watu wanavyoacha kuvuta. Jimbo likishaifunga bajeti yake kwenye malipo hayo, uzima wa makampuni unakuwa uzima wa jimbo. Msidhani natia chumvi. Machi 2003 mahakama moja huko Illinois iliihukumu kampuni ya sigara ya Philip Morris kulipa dola bilioni 10.1, na ili ikate rufaa ilitakiwa kuweka dhamana ya bilioni 12. Kampuni ikasema ikilazimishwa hivyo haitaweza kuyalipa majimbo. Unajua nani alikimbilia mahakamani kuomba dhamana ipunguzwe? Wanasheria wakuu wa majimbo zaidi ya 30. Ofisi zilezile zilizokuwa zimewashtaki wenye sigara miaka michache nyuma.

Wapo watakaoniambia kwamba kuuza mapema kulikuwa busara, kwani makampuni yangeweza kufilisika na hasara ingekuwa ya wanunuzi wa hatifungani. Hoja hii nimeifikiria kwa haki yake. Ingekuwa na uzito kama fedha ingewekwa, au ingejenga kitu cha kudumu miaka 40. Ililiwa ndani ya bajeti moja! Walioila wengi wao hata hawamo tena bungeni.

Nilipiga simu ofisi ya mwakilishi wa eneo letu. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, akanisikiliza, akasema hayo ni ya kabla yao. Nikamwambia mzee wangu wa oksijeni naye aliuziwa sigara kabla yao, lakini kifua anacho leo. Akaahidi nitapigiwa. Ni wiki ya pili sasa.

Kwa nini naandika leo kama haya ni mambo ya zamani? Kwa sababu fedha nyingine inaingia sasa hivi: fidia ya vidonge vya kutuliza maumivu (opioid) vilivyoua watu. Makubaliano ya 2021 na wasambazaji watatu wakubwa wa dawa pamoja na Johnson & Johnson ni dola bilioni 26, na wasambazaji wanalipa kwa miaka 18. Safari hii mkataba unataka sehemu kubwa iende kwenye kutibu na kuzuia. Hapa Minnesota robo tatu inashuka kwenye kaunti na miji, yaani kwenye vikao ambavyo mimi na wewe tunaruhusiwa kuingia na kusema. Bajeti ikibana watu watalitazama hilo fungu la miaka 18 kwa macho yaleyale ya 2011, na naogopa sana.

Watanzania, Wakenya, Wakongo mlioko kaunti za Hennepin na Ramsey: ratiba za vikao vya kaunti ziko wazi. Nimeshaomba ruhusa kazini siku ya kikao kijacho. Anayekuja aniandikie hapa, nina gari, nafasi nne.