Katuni si rika: nimechoka kupewa filamu za vita vya roboti kwa jina la filamu za watoto

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ingawa nimejizuia kwa siku kumi ili nisiandike maneno nitakayoyajutia. Jumamosi ya juma lililopita niliketi na wanangu wawili, binti mwenye miaka 6 na kaka yake mwenye miaka 10, kutazama filamu ya katuni ya kisayansi yenye mapambano mengi, ambayo picha yake ya tangazo inaonyesha msichana anayecheka akiwa ameketi begani mwa roboti wa rangi ya chungwa. Filamu hiyo ilikuwa imewekwa katika sehemu ya watoto na familia ya huduma ya filamu za mtandaoni tunayoilipia. Alama yake ya umri ilikuwa ile inayomruhusu kila mtoto mradi mzazi atumie busara. Trela niliitazama mwenyewe mara mbili, na yote ilikuwa vichekesho na mbio za vyombo vya angani. Natanguliza maelezo haya kwa sababu najua jibu la kwanza litakuwa kwamba mzazi hakutimiza wajibu wake.

Ilipofika kama dakika ya 40, baba wa yule msichana, ambaye tangu mwanzo ameonyeshwa kuwa mtu mpole na mwenye mzaha, anarudi nyumbani, anaketi mezani, anamwita mwanawe kwa jina la utani wanalolijua wao wawili tu, kisha ngozi ya uso wake inaanza kufunguka kuanzia shingoni kama ganda linalobanduliwa, na chini yake kuna chuma na macho mekundu. Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna tone la damu, hakuna tusi. Binti yangu hakulia wala hakupiga kelele. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, akashuka kwenye kochi, akaenda kuketi upande wa pili wa chumba, mbali nami. Usiku ule alikataa nisimfunike shuka mimi, akamtaka mama yake. Hadi juzi alikuwa ananishika shingo na kuipapasa kwa vidole kabla ya kukubali nizime taa.

Hicho ndicho kiini cha malalamiko yangu, na naomba kisipotezwe. Tukio lililomtisha mtoto wangu kuliko yote halina chochote ambacho mkaguzi wa filamu amezoea kukihesabu. Mapigano ya angani yaliyofuata, yenye milipuko na miji inayoporomoka, hayakumsumbua hata kidogo. Aliyatazama kama mtu anayetazama fataki. Watafiti wa hofu za watoto, akiwemo Joanne Cantor wa Marekani, wameandika kwa miaka mingi kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 au 8 huogopa zaidi kile anachokiona kwa macho, hasa sura ya mtu anayemfahamu inapogeuka kuwa kitu kingine, ilhali mtoto mkubwa zaidi huogopa jambo analohisi kwamba linaweza kumtokea kweli. Wameeleza pia kwamba kumwambia mtoto mdogo "si kweli, ni filamu tu" hakumsaidii sana, kwa kuwa hajakomaa kiasi cha kuitumia hoja hiyo kuituliza hofu yake. Mimi nilimwambia maneno hayo zaidi ya mara ishirini. Alinijibu kwamba anajua ni filamu, halafu akaomba kunishika shingo.

Kila ninapolisimulia jambo hili nakutana na sentensi ileile: "Lakini hiyo ni katuni." Ninaomba kwa heshima zote tuiache sentensi hiyo. Katuni ni namna ya kutengeneza picha, si umri wa mtazamaji. Mwaka 1988 Japani ilitoa Akira, filamu ya katuni ya kisayansi ambayo ndani yake mwili wa kijana unavimba na kuharibika mbele ya macho ya mtazamaji, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayedhani kwamba ilikusudiwa watoto wa chekechea. Hata katuni zinazokusudiwa watoto kweli si laini kama tunavyojiaminisha. Mwaka 2014 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliozilinganisha filamu 45 za katuni zilizopata mapato makubwa na filamu za watu wazima, ukakuta kwamba mhusika muhimu hufa mbele ya mtazamaji katika theluthi mbili hivi za zile za katuni, na katika nusu tu ya zile za watu wazima.

Wapo wanaosema kwamba mtoto huitenga katuni na maisha halisi, kwa hiyo haimgusi. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa shule ya awali huko Stanford, Marekani, mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Baadhi walimwona ana kwa ana, baadhi walimwona kwenye filamu, na wengine walimwona mhusika wa katuni, mwanamke aliyevishwa kama paka mweusi. Waliomwona paka nao waliiga, na walionyesha ukali zaidi ya wale ambao hawakuonyeshwa chochote. Sisemi kwamba mtoto anayetazama filamu ya roboti atageuka mkatili, kwani wa kwangu hawajageuka. Nasema tu kwamba vazi la katuni halimkingi mtoto kama tunavyodhani.

Sasa nije kwenye ujanja unaonikera kuliko mengine yote, na ambao umejaa katika filamu za aina hii. Mfumo wa Marekani wa kupanga filamu kwa umri ulianza mwaka 1968, na daraja la PG-13, linalowaonya wazazi hasa wa watoto wa chini ya miaka 13, likaongezwa mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu zilizopewa PG, yaani mzazi atumie busara, zilikuwa zinawatisha watoto wao. Tangu hapo watengenezaji wanajua vizuri kinachopandisha daraja, nacho ni damu, matusi, uchi na dawa za kulevya. Katika hadithi ya kisayansi njia ya kukwepa iko wazi: anayeuawa asiwe mtu, awe mashine. Roboti hukatwa kichwa, huchanwa viungo, huyeyushwa akiwa bado anazungumza, na kwa kuwa kinachomwagika ni oli nyeusi, tukio hilo huhesabiwa kuwa mapambano mepesi ya kubuni. Ningelikubali jambo hilo kama roboti hao wangekuwa vyuma vitupu. Lakini katika filamu tuliyoitazama roboti mmoja alipewa jina, akapewa sauti ya mzee mwenye huruma, akasimulia vichekesho kwa nusu saa nzima, akaeleza kwamba anaogopa kuzimwa. Kisha akapiga magoti na kuomba asizimwe, na shujaa wetu akampasua vipande viwili huku akitoa mzaha.

Mwanangu wa miaka 10 alicheka. Saa mbili baadaye, tukiwa tumeshazima televisheni na yeye anapiga mswaki, aliniuliza: "Baba, yule aliyekuwa anaomba, alikuwa mbaya?" Sikuwa na jibu, kwa sababu filamu yenyewe haikumpa sababu yoyote ya kufa isipokuwa kwamba alikuwa amesimama njiani. Mwandishi wa hadithi hawezi kumfanya mtoto ampende kiumbe kama mtu kwa nusu saa, halafu wakati wa kumuua atake kihesabiwe kuwa ni kifaa kilichoharibika. Ama ana nafsi, ama hana. Akiwa nayo, basi watoto wangu walionyeshwa mtu anayeomba uhai akauawa kwa mzaha, na alama ile ya umri haikusema kweli.

Nataka nieleweke hapa. Siombi filamu hiyo ipigwe marufuku, wala siombi ikatwe. Kwa maoni yangu inamfaa mtoto wa miaka 10 ambaye ana mtu wa kuzungumza naye baadaye, na swali la mwanangu pale sinkini lilizaa mazungumzo mazuri kuliko tuliyokuwa nayo kwa miezi mingi. Inamfaa zaidi wa miaka 12. Kwa wa miaka 6 haifai hata kama ameketi mapajani mwa mzazi, kwa sababu mzazi ndiye hasa aliyegeuzwa kuwa kitu cha kutisha. Tofauti ya miaka 4 kati ya wanangu hawa ni kubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya mtu wa miaka 20 na wa miaka 40, lakini alama waliyopewa wote wawili ni moja.

Lipo pia suala la mwanga, ambalo nashangaa linavyopuuzwa. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipindi kimoja cha katuni kilichorushwa kwenye televisheni kilikuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliopishana kwa kasi, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali. Baadaye watangazaji wa Japani waliweka miongozo, na nchini Uingereza miongozo ya utangazaji inaweka mpaka wa mimweko 3 kwa sekunde. Mwaka 2018, filamu ya katuni ya Incredibles 2 ilipotoka, kumbi za sinema ziliombwa kubandika tahadhari kwa watu wenye kifafa. Filamu niliyoitazama ina safari ndani ya lango la nyota yenye mimweko isiyokatika kwa muda mrefu sana, na haikutanguliwa na neno hata moja la tahadhari. Wanangu hawana kifafa. Wapo watoto walio nacho na wazazi wao bado hawajui, na baadhi hugunduliwa kwa namna hiyo hiyo.

Niliwaandikia wenye huduma tunayoilipia. Walinijibu kwamba filamu imepitia taratibu zote za upangaji, na kwamba ninaweza kushusha kiwango cha umri kwenye mipangilio ya akaunti ya watoto. Nilishusha. Filamu hiyo ikaondoka, lakini ikaondoka pamoja na karibu kila kitu anachokipenda yule mkubwa, kwa sababu mfumo wao unajua namba tu na haujui sababu ya namba. Hauwezi kutofautisha filamu iliyopandishwa daraja kwa neno moja la kukera na filamu ambayo baba anabanduka uso.

Wala wasituambie kwamba haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Uholanzi wana mfumo wa Kijkwijzer, ambao tangu mwaka 2001 humwonyesha mzazi umri pamoja na vielelezo vya sababu, na katika vielelezo hivyo hofu ina alama yake peke yake, tofauti na ya ukatili. Bodi ya Uingereza, BBFC, iliyoanzishwa mwaka 1912, huchapisha maelezo ya kilichomo katika kila filamu, na maelezo hayo hutaja vitisho na huzuni, si mapigo tu. Maarifa yapo na maandishi yapo. Kinachokosekana ni nia ya kuyaweka mbele ya mzazi kabla hajabonyeza, badala ya kumwonyesha herufi mbili kwenye kona ya kioo kwa sekunde chache, kisha zikafutika.

Na wale watakaosema "itazame kwanza mwenyewe", nawajibu kwamba nitafanya hivyo kuanzia sasa. Lakini ikiwa kila mzazi analazimika kutazama saa mbili nzima kabla ya mtoto kutazama saa hizo hizo mbili, basi hiyo sehemu inayoitwa ya watoto ina kazi gani, na kwa nini filamu inayofuata inajianzisha yenyewe sekunde kumi baada ya ya kwanza kwisha? Wahakiki nao wamenisikitisha. Nilisoma tahakiki nne za filamu hii, zote zikasifu rangi, muziki na mwendo wa kamera, na hakuna hata moja iliyotaja tukio la baba.

Kwa hiyo naomba tusaidiane hapa hapa. Anayechangia aseme mtoto aliyekuwa naye ana umri gani, alitishwa na nini hasa, na ilikuwa dakika ya ngapi. Tusiandike "inatisha kidogo", kwa kuwa maneno hayo hayamsaidii mtu. Tuandike kwamba mzazi anakufa, au anageuka, au anamwacha mtoto. Kwamba roboti mwenye jina anauawa akiomba. Kwamba kuna mimweko, na inadumu kwa muda gani. Tuseme pia kama mwisho unamrudishia mtoto utulivu au unamwacha ananing'inia ili anunue sehemu inayofuata, kwa sababu hii yetu ilimwacha.

Sehemu ya pili imeshatangazwa, na mkubwa anaisubiri kwa hamu. Mdogo haitaki, lakini ameniuliza swali moja mara tatu, na sikuwa tayari kumdanganya. Kama yupo hapa aliyebahatika kuiona mapema, naomba anijibu hata kwa ujumbe wa faragha: baba wa yule msichana anapatikana akiwa mzima, au ndiye yule yule wa chuma?