Huyu mama wa Nobel aliyeficha hela kwenye mdoli, ni kweli au chumvi?

Mangi wa Bucha
Wakuu habari za jioni, mi nina bucha hapa Mbuyuni Moshi, sasa binti yangu wa fomu foo kaambiwa aandike habari za mwanasayansi aliyehamia nchi nyingine, akamchagua Katalin Karikó wa Hungaria. Jana ananisomea nasikia eti baba yake naye alikuwa mchinjaji, eti kaingia Marekani na hela kaficha ndani ya dubu wa mtoto, kazini akashushwa cheo, halafu akapewa Nobel kwa kugundua chanjo ya korona. Nikamwambia hapo umetia chumvi mama. Kanuna mpaka sasa hivi. Anayejua ukweli aseme.

Sakina Juu
Mangi kamuombe radhi binti. Huyo mama kazaliwa 1955, kakulia mji mdogo unaitwa Kisújszállás, nyumba chumba kimoja, maji ya bomba hamna, na mzee alikuwa mchinjaji kweli, mwenyewe husimulia alivyokuwa anasimama pembeni nguruwe akipasuliwa anaangalia vitu vya ndani vimekaaje. 1985 kituo alichokuwa anafanyia utafiti kule Szeged hela ya kazi yake ikakata, akapata nafasi Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, wakauza gari wakapata kama pauni 900, na enzi hizo kutoka na hela za kigeni kulikuwa na masharti balaa, ndo zikaingia kwenye dubu la mtoto wao wa miaka miwili. Kushushwa cheo ni 1995, chuo kingine hukohuko, Pennsylvania, kila akiomba hela ya utafiti ananyimwa.

Dada wa Njiro
Ila hapo kwenye "kagundua chanjo" arekebishe, mwalimu atamkata maksi. Alichogundua ni namna ya kufanya mwili uikubali mRNA, ile inayotumika kwenye baadhi ya chanjo za korona. mRNA ni kama kikaratasi cha maelekezo, kinaiambia seli tengeneza protini hii, basi. Shida ukiingiza ya kutengenezwa labu, mwili unaiona mvamizi, kinga inacharuka. Karikó na mwanasayansi mwenzake Drew Weissman (walifahamiana kwenye mashine ya fotokopi, msicheke) wakaona ukitoa yuridini, moja ya vipande vinavyounda mRNA, ukaweka pseudoyuridini, ndugu yake aliyebadilishwa kidogo, mwili unatulia. Waliandika 2005, watu wala hawakushtuka. Korona ilipokuja kampuni za Pfizer na BioNTech, na Moderna pia, wakajengea chanjo zao hapo. Nobel ni 2023, wawili hao. Na ile chanjo ya Johnson tuliyochomwa wengi hapa bongo 2021 SIYO ya mRNA, asije akachanganya.

Kijana Pasua
Mi nilishushwa cheo 2019 nikasusa nikaacha kazi, huyu kashushwa kabaki kwenye labu 😅

Sakina Juu
Nilisahau, yule mtoto mwenye dubu, Susan Francia, kawa mpiga makasia wa Marekani, dhahabu Olimpiki 2008 na 2012.

Mangi wa Bucha
Nimemsomea yote kacheka, tumepatana. Sasa anataka Jumamosi nimpeleke machinjioni akaone bandama na maini yalivyopangika, mama yake hataki hata kusikia. Nimemwambia aazime gambuti.