Mahindi yanageuka zambarau na DAP nimeweka, nifanyeje?

Mwana_Njombe: Wakuu, naombeni ushauri. Nina ekari mbili za mahindi Njombe, udongo mwekundu. Mwaka wa pili huu naweka DAP, ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi, lakini mahindi yakifika magotini majani yanageuka zambarau na kudumaa. Nahofia nimeuziwa feki. Msimu ujao niongeze mifuko mingapi?

Bibi_Shamba: Sisi tuliweka samadi na tulishiba. Vijana mnapenda mifuko.

Fundi_Udongo: Zambarau ni dalili ya njaa ya fosforasi, na mbolea inaweza kuwa nzima kabisa. Udongo mwekundu wenye tindikali una oksidi za chuma na alumini, zinaikamata fosfeti, yaani fosforasi ya kwenye mbolea, mizizi isiipate. Umepima pH, kile kipimo cha tindikali?

Dereva_Fuso: Kwa baba mkwe Rungwe udongo ni mweusi, majivu ya volkano. Nikasema hapa rutuba tupu. Kumbe nao unashika fosfeti balaa! Gunia nilizomwahidi mzee hadi leo ananikumbusha.

Fundi_Udongo: Mleta mada, pH?

Mwana_Njombe: Tulipima, 4.7. Tuliambiwa tuanze na chokaa kupunguza tindikali. Ila usafiri wake ghali, nikaona hiyo hela bora DAP. Na tuliirusha kwa mkono shamba zima, vibarua wa kuweka kwenye mashimo wanataka hela nyingi.

Fundi_Udongo: Hapo ndipo ulipoumia. Ukiitawanya, kila punje inazungukwa na udongo wenye njaa. Weka kisoda kimoja kwa shimo, fukia kidogo, ndipo mbegu. Chokaa ichanganywe na udongo mapema, kabla ya kupanda.

Mpelelezi: Chai hii. Januari huyu alisema yuko Kahama anauza simu.

Mwana_Njombe: Nauza simu kweli. Shamba ni la mama, yeye ndiye ananipigia akilia. Juzi kang'oa shina akanitumia picha, mizizi mifupi kama ya mche wa wiki mbili. Na DAP mifuko sita nimeshalipia, iko stoo.

Mpelelezi: Samahani mkuu. Mpe mama pole.

Bibi_Shamba: Mama ana ng'ombe?

Mwana_Njombe: Shikamoo bibi. Anao wawili.

Bibi_Shamba: Marahaba. Basi samadi ipo, iende shimoni pamoja na hiyo DAP.

Fundi_Udongo: Bibi yuko sahihi. Samadi inashindana na fosfeti kwenye zile sehemu za kunasia, nyingi inabaki kwa mmea. Uza mifuko miwili ununue chokaa.

Mwana_Njombe: Miwili hapana mkuu. Labda mmoja.