Biskuti za siagi za bomba kwa Siku ya Wapendanao: kwa joto hili la Februari nifanyeje?

BabaWawili_Mbagala

Wadau wa jikoni, habari za humu ndani. Naombeni msaada wenu kabla ya tarehe 14.

Mke wangu amehamishiwa Morogoro kikazi, mimi nimebaki Mbagala na watoto mpaka tupate nafasi za shule kule. Kitu anachokipenda kuliko keki na chokoleti ni zile biskuti za siagi za kwenye kopo la bluu, lile ambalo biskuti zikiisha akina mama wanawekea nyuzi na sindano. Safari hii sitaki kumnunulia. Nataka nipande treni siku hiyo nikiwa nimeshika biskuti nilizotengeneza mwenyewe, zenye umbo la kopa, na ajue mkono uliozikamua ni wangu.

Bomba la biskuti nimelipata Kariakoo, la alumini, lenye kishikio cha kufyatua na visahani vya maumbo mbalimbali, na cha kopa kimo. Maelekezo yake yanasema siagi iwe laini kwa joto la kawaida la chumba. Sasa chumba gani? Jikoni kwangu saa nane mchana siagi ukiigeuzia mgongo tu imeshaanza kung'aa mafuta. Nikikamua hapo, kopa linatoka vizuri, likifika ndani ya oveni linatanuka linakuwa duara. Nikilaza donge friji likakaza, bomba linakuwa gumu kufyatua, na kinachotoka hakibaki kwenye trei. Nikinyanyua bomba, na kopa linanyanyuka nalo.

Natumia majarini ya kupaka mkate, unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, yai, vanila na kijiko cha beking pauda. Trei natandika karatasi ya kuokea na kupaka mafuta kidogo juu yake. Jiko ni la gesi lenye oveni chini, halina kipima joto.

Nibadilishe nini?

Chapati_Moto

Mkuu, ongeza unga mpaka donge liache kunata, na hiyo majarini badilisha weka samli. Nankhatai za bibi yangu ni za samli na hazijawahi kutanuka.

Shangazi_Ngamiani

Baba Wawili, salamu kutoka Tanga. Nimeisoma habari yako nikaona nisiende kulala kabla sijakujibu, maana unga wenyewe bei unaijua, na huyo unayempikia yuko mbali.

Mdogo wangu hapo juu amekushauri kwa nia njema, lakini samli usiiguse kwa kazi hii. Nankhatai unaiviringa kwa kiganja, haina mistari ya kupotea, ndiyo maana samli inaikubali. Samli ni mafuta matupu, na kwa joto letu la pwani inakaa nusu maji. Biskuti ya bomba inataka siagi yenyewe. Kuongeza unga nako kutakupa kopa lililosimama lakini gumu, lenye ladha ya unga. Mkeo anapenda inayomomonyoka mdomoni.

Joto ni adui, kweli, ila anza kwanza na trei. Bomba la biskuti halina kisu. Halikati donge. Kinacholitenganisha donge na bomba ni bati la trei: donge linaligusa, linalishika, wewe unanyanyua bomba, kopa linabaki. Ukitandika karatasi, na juu yake ukapaka mafuta, umeliondolea donge kitu cha kushika. Kwa hiyo toa karatasi, toa mafuta. Trei iwe tupu, safi, kavu. Na isiwe ile nyeusi isiyoganda chakula, nayo inateleza. Tafuta ya alumini ya kawaida wanayouza mafundi bati. Usiogope kwamba biskuti zitagandia. Siagi iliyomo ndani inatosha kuziachia zikishaiva.

Sasa vitu vyenyewe. Majarini ya kupaka mkate ina maji mengi kuliko siagi. Geuza kopo usome. Siagi ina mafuta asilimia 80 au zaidi, hizo za kupaka nyingi ziko chini ya hapo. Maji yale ndiyo yanayolegeza donge. Chukua siagi isiyo na chumvi gramu 250, sukari ya unga gramu 125, yai moja, unga wa ngano gramu 320, chumvi robo kijiko cha chai, arki ya vanila kijiko kimoja cha chai. Katika unga huo mimi natoa vijiko viwili vya chakula naweka kastadi ya unga badala yake. Sisi huku biskuti za Idi tunazifanya hivyo, zinakuwa na rangi nzuri na zinalainika. Sukari yako kikombe kizima ni nyingi; sukari ikiyeyuka inakuwa maji, biskuti inatambaa. Beking pauda iache kabisa. Kazi yake ni kuvimbisha, na biskuti ikivimba mistari yote inafutika.

Kuhusu joto: maelekezo hayo yameandikwa kwa jikoni lenye nyuzi kama 20. Sisi Februari mchana tuna 31, 32, na siagi ikishafika nyuzi 32 hadi 35 inayeyuka yenyewe bila moto. Kwa hiyo usingoje ilainike mezani. Itoe friji, ikate vipande vidogo, anza kuipiga na sukari baada ya dakika chache tu. Ibonyeze kwa kidole: shimo libaki na kuta zake zisimame, na kidole kitoke bila kung'aa. Kikitoka na mafuta, umechelewa, rudisha friji. Na usiipige mpaka iwe nyeupe kama krimu ya keki, unaingiza hewa, na hewa nayo inatanua.

Fanya kazi alfajiri. Saa kumi na moja, saa kumi na mbili, kabla bati la nyumba halijashika jua. Donge likishachanganyika, likalishe friji dakika kumi, zisizidi. Kitakachokaa friji muda mrefu ni trei.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo wa pwani tunapofanyiwa hila na hewa yetu. Trei ikitoka friji inatoa jasho papo hapo. Utaona ukungu, halafu matone madogo madogo. Juu ya maji yale donge halishiki kabisa, linateleza kama lile la kwenye karatasi yako. Kwa hiyo kuwa na kitambaa kikavu begani. Toa trei, ifute mara moja, kamua upesi. Tumia trei mbili kwa zamu, na usikamue kamwe juu ya trei iliyotoka kwenye oveni kabla haijapoa.

Unapokamua, simamisha bomba wima, mdomo wake uguse bati kabisa, usiuning'inize. Fyatua mara moja. Tulia kidogo, donge lishike. Kisha nyanyua juu moja kwa moja bila kuzungusha. Kopa za mwanzo hutoka pungufu mpaka donge lijae vizuri kwenye kisahani, hizo zirudishe ndani ya bomba. Kisahani cha kopa kina vitundu vilivyozunguka umbo. Kila kitundu kinatoa nukta yake, na nukta zile zinatakiwa zigusane. Ukiona zimeachana, fyatua tena kidogo pale pale.

Trei ikijaa, irudishe friji na kopa zake dakika kumi na tano ndipo uingize kwenye oveni. Oveni iwe nyuzi 180. Kwa kuwa huna kipimo, nyunyiza unga kidogo kwenye kibati uuweke ndani: ukigeuka rangi ya dhahabu kwa dakika tano, moto ni wa kadiri, ndio unaoutaka. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza. Weka trei ngazi ya katikati, dakika 10 hadi 12, na usiondoke hapo. Kingo zikianza tu kuingia rangi, toa, hata kama katikati bado ni nyeupe na laini. Ziache kwenye trei dakika mbili tatu, kisha pitisha kisu chembamba chini yake.

Mpwani_Ujerumani

Shangazi amemaliza, mimi naongeza dogo. Huku Ujerumani biskuti hizi ni za msimu wa Krismasi, wanaziita Spritzgebäck, na familia nyingi wala hazina bomba. Wanafunga kibati chenye matundu ya maumbo kwenye mashine ya kusagia nyama, mmoja anazungusha, mwingine anapokea mkanda wa donge na kuukata. Wapendanao si sikukuu yake, ila kopa ni kopa.

Kisahani kikikusumbua, tumia mfuko wa kupambia keki wenye mdomo wa nyota. Kamua tone moja nene kwa juu, ukilivuta mkono lichongoke chini kwa mshazari. La pili liweke pembeni yake, ncha zikutane. Umepata kopa, na lina mistari kuliko la bomba. Donge liwe laini kidogo tu zaidi ya la bomba, kijiko kimoja cha maziwa kinatosha.

Na kama unataka zipendeze, chovya nusu yake kwenye chokoleti nyeusi.

BabaWawili_Mbagala

Shangazi, shikamoo. Nimeyasoma yote, na binti yangu wa miaka tisa ndiye amekabidhiwa kitambaa cha begani. Mpwani, asante sana, mfuko wa keki ninao.

Nina maswali mawili nimalizie. Nataka baadhi ziwe nyekundu. Nilifikiria kutumia maji ya bitiruti kwa sababu sipendi rangi za dukani. Na hii ya chokoleti, itafika Morogoro? Natoka nyumbani kwenda stesheni kwa daladala, kisha SGR.

Shangazi_Ngamiani

Marahaba baba, na huyo msaidizi mpe salamu zangu.

Bitiruti niliwahi kuona mtu akiisifia, lakini rangi yake haivumilii oveni. Inaingia ya waridi, inatoka na kahawia. Tena ni maji, na maji tumeshayafukuza. Kama unataka nyekundu ndani ya donge, tumia rangi nzito ya jeli, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Hutaki ya dukani, basi acha donge na rangi yake ya siagi, wekundu uuweke kwa jemu. Mimi msimu huu natumia plamu zinazoteremka kutoka Lushoto. Nazichemsha na sukari na ndimu mpaka kijiko kikipita chini ya sufuria njia ibaki wazi. Iwe nzito hivyo, jemu nyepesi inalowesha biskuti. Bonyeza katikati ya kopa kwa kidole kabla ya kuoka, zikishaiva na kupoa ndipo uweke tone la jemu. Lakini usiweke nyumbani. Ibebe kwenye kichupa, mkifika mtaweka wote wawili mezani. Zikikaa na jemu usiku mzima zinalegea.

Chokoleti, hapana. Mpwani yuko kwenye baridi. Ndani ya treni pana ubaridi, sikatai, ila daladala ya Mbagala na foleni ya mchana itakuwa imeshaimaliza kabla hujafika stesheni.

Binti_wa_Maskati

Nami naongeza kutoka Maskati, maana unyevu tunaujua. Usizifungie kwenye kopo zikiwa bado na uvuguvugu hata kidogo, zinatoa mvuke na kesho yake zimelainika. Ziache zipoe saa nzima juu ya wavu. Kama zimelainika tayari, zirudishe kwenye oveni yenye moto mdogo dakika tano, zipoe tena, zinarudi kuwa kavu vilevile. Mama yangu ni wa Unguja, na kila Idi anazifanya hivyo mpaka leo.

BabaWawili_Mbagala

Nimewaelewa. Kwa hiyo nioke tarehe 13 alfajiri, zilale kwenye kopo, tarehe 14 nisafiri. Nizipange vipi zisivunjike? Hizi za siagi naona zinavunjika hata kwa kuangaliwa.

Shangazi_Ngamiani

Tarehe 13 ni sawa sawa, na siku ya pili ladha ya siagi inakuwa imekaa vizuri zaidi.

Usizilaze kwa tabaka, za juu zinazivunja za chini. Zisimamishe kwa ubavu, moja nyuma ya nyingine kama sahani kwenye kabati, zibanane kiasi cha kutocheza. Chini ya kopo weka karatasi iliyokunjwa, na juu nyingine ijaze nafasi mpaka kifuniko kiiguse. Litikise kopo sikioni. Ukisikia chochote kinagonga, ongeza karatasi. Zile zitakazovunjika uwaachie watoto, wamefanya kazi.

Kwenye daladala kopo likae mapajani, si kwenye begi. Ukifika niandikie hapa kama mistari imebaki, nami nitakueleza namna ya kuzioka kwa mkaa, moto mwingi juu na mdogo chini, ili hata siku gesi imeisha usikwame.